Bakuli la Mzee Mihayo

Kitendawili hiki nakutegea wewe, na usimtazame jirani yako akusaidie: nina chombo changu, watu wakiwapo kinarudi kitupu, watu wakiondoka kinarudi kimejaa. Usinijibu upesi. Ukisema ndoo ya kisimani, umekosa. Ukisema kapu la sadaka, umekosa, na omba padri asikusikie. Kiweke mdomoni kama kokwa la zambarau, ukizungushe taratibu, nami nikusimulie habari za Tereza wa Pasiansi, kule Mwanza, maana kitendawili ni chake, si changu.

Tereza alikuwa mke wa Mihayo, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Watoto wao watano walikuwa wameshaondoka, wa kuoa ameoa na wa kuolewa ameolewa, na nyumba ya vyumba vitatu ilibaki na watu wawili na kuku. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe. Najua, Mwanza nani hana jiwe? Lakini hili lilikuwa bapa juu kama meza, na watu wanne waliweza kulizunguka bila kugusana magoti. Hapo ndipo Mihayo alipokuwa akila na wenzake wa zamu, Nkwabi, Shimba na Chenge. Wote walikulia vijiji vya Usukumani ambako wanaume hula nje, kwenye shikome, penye moto wao, na wanawake hula jikoni na watoto. Mjini walikosa shikome, wakapata jiwe. Kila mke alipika kwake, akafunika, akaleta. Tereza naye alileta sinia lake la ugali na bakuli lake la mboga, bakuli la bati lenye ua jekundu ndani, akapiga goti, akawanawisha, akarudi jikoni.

Kwa hiyo, katika miaka thelathini na moja ya ndoa, Tereza hakuwahi kumwona mume wake akitia tonge mdomoni. Hata siku ya harusi yao walikula mbalimbali. Hakuona ajabu, mama yake naye hakumwona baba yake. Alichokijua yeye ni bakuli. Bakuli likirudi limepanguswa mpaka ua jekundu linang'aa, alijiambia, "Leo kapenda," akaosha vyombo huku anaimba. Hakuhitaji kuambiwa zaidi ya hapo.

Halafu kikaja kile kipindi unachokikumbuka, viwanda vilipoanza kuuzwa na watu kupewa barua za kupunguzwa. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Wale wanne walipata barua wiki moja. Nkwabi alikwenda Geita kuchimba dhahabu. Shimba alirudi kwao Magu kulima mpunga. Chenge alinunua baiskeli na mizani, akahamia Kahama kufungua duka. Mihayo hakwenda popote. Alibaki na jiwe.

Na Jumapili ya kwanza baada ya Chenge kuondoka, bakuli lilirudi limejaa.

*

Tereza alidhani ni malaria. Akamkanda, akampeleka zahanati, wakamtoboa kidole, malaria hakuna. Kesho yake akapika sato wa karanga. Sato akarudi amekosa kipande kidogo cha mkia. Akapika kisamvu, akapika dagaa, akapika nsansa ya majani ya kunde kama alivyofundishwa na mama mkwe. Alibadilisha mboga kama mtu anayejaribu funguo moja moja kwenye kufuli la mwenziwe. Mwisho akachinja jogoo, yule mwekundu aliyekuwa akiuamsha mtaa mzima, akampika kwa nyanya na vitunguu, akampeleka jiweni na firigisi yake juu kabisa, palipoonekana.

Jogoo akarudi na firigisi yake.

Siku hiyo Tereza hakurudi jikoni. Alisimama na bakuli mkononi.

"Baba Evelina," akasema, "chakula changu kina kasoro gani?"

Mihayo alimtazama. Akapangusa jiwe kwa kiganja, mahali pasipo na uchafu wowote, kisha akachukua kofia yake na kwenda zake ziwani kutazama mitumbwi. Swali likabaki pale juu ya jiwe pamoja na jogoo.

Odeta, jirani wa upande wa chini, aliona yote kupitia kwenye ua wa minyaa. Odeta alikuwa haoni vizuri kusoma, lakini ya ua wa pili alikuwa anayaona barabara.

"Mama Evelina," akaita, "usinichukie kwa ninalosema."

"Ukianza hivyo nitakuchukia."

"Mwanaume hafungi na Ramadhani haijafika, tena yeye Mkatoliki. Akikataa cha kwako, anacho pengine."

"Mzee wa miaka hamsini na sita, Odeta?"

"Ndiyo hao hao! Wana nafasi. Kazi hakuna, wanakwenda wapi siku nzima?"

Tereza alimwambia Odeta akaangalie chungu chake, kinaungua. Lakini usiku hakulala vizuri, na asubuhi alipochukua mashati ya mumewe kufua, aliyanusa. Yalinuka jua, samaki na sabuni ya kipande. Akaona aibu, akayafua mara mbili.

Ijumaa ya wiki hiyo Mihayo alimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Jumatatu nakwenda Usagara," akasema. "Kwa Shigela."

Shigela alikuwa mdogo wake, mwenye ng'ombe na mji mkubwa huko njia panda ya Usagara.

"Unakwenda siku ngapi?"

"Nakwenda kukaa."

Mchele ulikwama mkononi mwa Tereza. "Na mimi?"

"Wewe una nyumba yako hapa. Nyumba haiachwi. Nitakuwa naleta unga."

Alisema kwa upole, na upole ndio uliomuumiza. Angefoka, Tereza angejua la kujibu. Mwanamke aliyeachiwa nyumba mjini na mume akarudi kwa ndugu zake, jina lake linajulikana, hata kama unga unaletwa kila mwezi na debe la mafuta juu yake. Watu watamwita mjane wa mtu aliye hai. Aliendelea kuchambua mchele uleule mpaka ukaisha mawe, na hakulia mpaka Mihayo alipotoka.

*

Sasa nikutajie Mwaija na mumewe Mbaruku, marafiki wa nyumba ya juu. Mbaruku alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye tepu shingoni hata akiwa msikitini. Watu wa mji hawa, babu zao walikuja na misafara wakasahau kurudi. Mbaruku hakuwa mtu wa jiwe. Alikula ndani na mkewe, sinia moja, jambo ambalo Mihayo na wenzake walilicheka kwa miaka mingi. "Fundi anachungwa na mkewe asizidishe mchuzi," Shimba alikuwa akisema.

Jumamosi asubuhi Mwaija alikuja akiwa na habari, kanga imemtoka begani.

"Tereza wangu, kesho mchana usiwashe moto. Tunakwenda kula kwa Mchina."

"Kwa Mchina gani?"

"Pale chini, barabara ya ziwani, palipokuwa na stoo ya pamba. Mume Mchina, mke wa Vietnamu. Mbaruku kawashonea mapazia na vitambaa vya meza, wakampenda, wakamwambia njoo Jumapili na mkeo na marafiki wawili, mle mpaka mseme basi. Marafiki wawili ni nani kama si nyie?"

Tereza alicheka kidogo, kisha akasema polepole kwamba Mihayo anaondoka Jumatatu, na kwamba hali chakula.

"Anaondoka kwenda wapi?"

Tereza akamweleza. Mwaija alikaa chini palepale kwenye kizingiti. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini alijua mahali pa kuyaacha.

"Basi aje ale aende," akasema mwishowe. "Mbaruku atamwambia."

Na Mbaruku alimwambia, ila alimwambia kifundi. Alisema, "Mzee Mihayo, kesho kuna chakula cha kuagana." Hakusema chakula chenyewe kinaliwaje. Mihayo akaona si vizuri kumkatalia mtu anayekuaga, akakubali.

*

Mgahawa ulikuwa na meza sita. Ukuta umepakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni na nyeupe kuendelea juu, kalenda yenye picha ya mlima, feni moja inayozunguka kama inayofikiri, na mapazia ya Mbaruku, ambayo Mbaruku aliyagusa kila alipopita. Ulinuka tangawizi, kitunguu saumu na samaki. Meza ya karibu na dirisha walikaa vijana watatu wenye tai, wa hivi viwanda vipya vya minofu ya samaki, wanakula kwa vijiti na kuzungumza kwa sauti.

Mihayo alivaa shati lake la Krismasi na viatu vya kanisani. Alipofika mbele ya meza ya duara waliyowekewa, yenye viti vinne, alisimama.

"Wanawake watakaa wapi?" akamuuliza Mbaruku kwa sauti ya chini.

"Hapahapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa, shemeji!" akasema Mwaija, ameshaketi. "Au nikale chooni?"

Kijana mmoja mwenye tai alitabasamu ndani ya bakuli lake. Mihayo akaliona tabasamu hilo. Akageuka kuelekea mlangoni. Tereza naye alisimama, mkono kwenye mgongo wa kiti, hajui kama akae au amfuate mumewe mlangoni, na moyoni aliomba ardhi ya Pasiansi ifunguke kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja.

Aliyewaokoa alikuwa mwenye nyumba, Mama Hoa, mwanamke mfupi, nywele zimefungwa nyuma, aproni ina madoa ya manjano. Alitoka jikoni anafuta mikono, akaenda moja kwa moja kwa aliye mkubwa kwa umri, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Umekula?"

Wengi wetu tumeshazoea sasa kwamba kwao hiyo ni salamu, kama sisi tunavyouliza za nyumbani na hatutaki kusikia habari za paa linalovuja. Mihayo hakujua. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo ana kwa ana, akimtazama machoni hivi. Akamjibu kama anavyojibiwa daktari.

"Marahaba. Sijala," akasema. "Mwezi wa pili huu."

Hata feni ilisikika. Tereza alihisi uso unawaka kama aliyeinamia chungu cha mafuta. Miezi miwili! Mbele za watu! Sato, kisamvu, jogoo mwekundu wa mtaa, vyote si kitu, mwanaume anatangaza mgahawani kwamba hajala. Watu wangemdhania yeye mwanamke gani?

Mama Hoa hakucheka wala hakushangaa. "Basi kaa," akasema. "Haraka."

Mihayo akakaa. Na Mihayo alipokaa, Tereza naye akakaa, pembeni yake, kwa mara ya kwanza.

*

Mwaija ndiye aliyesafisha hewa. "Dada, kabla ya yote. Nguruwe?"

"Hapa hakuna nguruwe. Majirani Waislamu wengi."

"Kuku kachinja nani?"

"Rahim. Wa bucha ya kona."

"Rahim namjua mwenyewe. Lete kuku."

Vyakula vikaja. Bakuli kubwa la supu ya tambi nyeupe, majani mabichi juu yake kama yaliyosahauliwa kupikwa. Kuku wa vipande vidogo vidogo wa tangawizi. Vitu vya kukunjwa vilivyokaangwa, ndani karoti na tambi. Wali. Halafu sato mzima, wa mvuke, amelala kwenye sahani ndefu na vitunguu vya majani mgongoni, jicho linamtazama Mihayo.

Katikati ya meza kulikuwa na ubao wa duara uliozunguka. Mama Hoa alipanga sahani zote juu yake, akausukuma kwa kidole, na sato akaondoka mbele ya Mbaruku akaenda kusimama mbele ya Mwaija.

"Lahaula," akasema Mwaija. "Chakula kinatembea."

Mihayo alisahau aibu yake. Aliinama, akachungulia chini ya ubao. "Habu ya baiskeli," akatangaza. "Ya nyuma. Lakini golole zimekauka grisi, ndiyo maana inalia."

Mumewe Mama Hoa, Bwana Liu, alitoa kichwa kwenye dirisha la jiko. "Wewe fundi?"

"Miaka ishirini na miwili. Mitambo ya kusokota nyuzi."

"Mimi nimetengeneza hiyo mwenyewe," akasema Bwana Liu kwa unyonge. "Vibaya?"

"Si vibaya. Imekosa grisi tu."

Alisema hivyo na mabega yakateremka kidogo. Kisha akatazama vijiti vilivyowekwa karibu yake, akatazama vidole vyake, akauliza swali ambalo angelimeza kama angejua: "Ugali upo?"

Kwenye meza ya dirisha wakacheka waziwazi safari hii. "Mzee kafuata ugali kwa Mchina!" mmoja akasema. Tereza, ambaye bado alikuwa na hasira na mumewe ya kujaza debe, alishangaa kuona hasira hiyo imegeuka upande, imewaelekea wale wenye tai.

"Na wewe mamako alikulea kwa vijiti?" akawauliza.

Wakainamia mabakuli yao. Mama Hoa akasema, "Ugali upo. Wa kwangu mimi, nakula kila siku. Naleta." Akaleta sima yake mwenyewe, ndogo, imekaa kwenye sahani ya maua, na beseni la kunawia.

Wakanawa. Wakaanza. Na hapo, msikilizaji wangu, Tereza alimwona mumewe akila.

Aliona kwamba anamega tonge dogo kuliko ukubwa wa mkono wake. Aliona kwamba anafinya shimo katikati ya tonge, anateka mchuzi, anasubiri kidogo kama anayeuombea. Aliona kwamba anatafuna upande wa kushoto tu. Kule kulia hana magego, na yeye mke wake hakujua. Miaka yote akimpelekea mapaja ya jogoo wa kienyeji na nsansa ngumu kama kamba! Sato huyu alikuwa laini, akateremka mwenyewe. Na Mihayo alipopata kipande kizuri alinguruma kidogo kooni, wimbo wa sauti mbili, bila kujua kama anaimba.

"Hiyo sauti yako?" Tereza akamuuliza.

"Sauti gani?"

"Basi."

Sahani ya sato ilikuwa imesimama upande wa Mbaruku. Tereza aliweka kidole kwenye ubao, akausukuma taratibu, ukalia, sato akazunguka akasimama mbele ya Mihayo. Mihayo akatazama kile kidole. Amekuwa akiletewa chakula na mkono huo tangu ujana, lakini ulikuwa ukileta na kuondoka. Safari hii ulileta ukabaki mezani.

Akachambua shavu la samaki, akaliweka kwenye sahani ya mkewe. Tereza akalimeza papo hapo.

"Unakimbilia wapi?" Mihayo akauliza.

"Nimekuwaje?"

"Unakula kama unafukuzwa."

"Nimezoea. Jikoni nakula nimesimama, sikio liko nje, mtaniita maji saa ngapi."

Mihayo aliacha kutafuna. Mbaruku akatazama mapazia yake.

*

Kuku alipobaki mifupa, Mwaija akataka michezo. "Tereza ana vitendawili," akamwambia Mama Hoa aliyekuwa amevuta kiti cha tano. "Mtaa mzima tunamkimbia."

"Sina leo," akasema Tereza.

"Unacho. Uso wako unacho."

Tereza alifikiri habari za Jumatatu. Alifikiri neno lile, sijala, mwezi wa pili huu, na bakuli lake lenye ua jekundu. Kisha akainua kichwa.

"Haya. Nina chombo changu. Watu wakiwapo kinarudi kitupu, watu wakiondoka kinarudi kimejaa."

"Basi la Magu," akasema Mbaruku.

"Sio."

"Kitanda," akasema Mwaija, mwenyewe akacheka mpaka akajifunika kanga.

"Sio, na wewe unazeeka vibaya. Baba Evelina, zamu yako."

Mihayo alikuwa anachora kwa kidole kwenye tone la mchuzi. "Sijui," akasema.

"Ukishindwa toa mji, shemeji," akasema Mwaija. "Sheria ni sheria." Akamgeukia Mama Hoa kumweleza: anayeshindwa kitendawili humpa mtegaji mji, mji wowote, na mtegaji akiridhika nao ndipo hutoa jibu.

"Chukua Shinyanga," akasema Mihayo.

"Siutaki," akasema Tereza.

"Bukoba."

"Siutaki."

"Nimekupa Dar es Salaam yote, na bandari yake!"

"Sitaki Dar es Salaam. Nitaifanyia nini?" Sauti ya Tereza ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nipe Usagara."

Mwaija aliacha kucheka. Mbaruku akashika tepu yake shingoni kama inayomkaba. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Mihayo aliweka mkono kwenye ule ubao wa kuzunguka, akaushika usizunguke, ingawa hakuna aliyeusukuma.

"Usagara," akasema, "sijui kama ni wa kutoa."

"Basi na jibu silitoi."

Mama Hoa akainuka, akaanza kukusanya sahani. Alipofika kwa Mihayo akamuuliza tena, "Umekula, mzee?" Safari hii ilikuwa salamu ya kuagana. Mihayo akatazama sahani yake. Ilikuwa tupu, mifupa imepangwa pembeni kwa ukubwa wake, kama vipuri.

"Nimekula," akasema, na yeye mwenyewe akaonekana kushangaa.

Walirudi kwa miguu kwa njia ya ziwani, jua bado kali juu ya mawe. Mihayo alitangulia, Tereza akafuata hatua nne nyuma kama siku zote. Penye kona ya stoo ya samaki Mihayo alisimama kufunga kamba ya kiatu, na kamba ilikuwa haijafunguka. Tereza alipomfikia akaanza tena kutembea, na hatua zikawa tatu.

*

Jumatatu begi lilikuwa mlangoni. Begi la kijani la kiwandani, zipu imefungwa kwa pini. Gari la Usagara lilikuwa linaondoka saa tatu.

Tereza aliamka mapema akachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kwa kawaida huichemsha iive tu, kwa sababu yeye na watoto wanaipenda ikiwa na kiini. Leo aliichemsha mpaka ikawa laini ya kupondeka kwa ulimi, akaiunga kwa karanga zilizotwangwa. Hakupika ili kumzuia mtu. Mtu anayesafiri hula, na asiye na magego hula laini. Akajaza bakuli la ua jekundu, akalipeleka jiweni, akapiga goti, akamnawisha, akageuka kwenda zake.

"Mama Evelina."

"Abee."

"Lete kigoda."

Tereza akatazama. Mihayo alikuwa amekikalia kigoda chake. "Cha nini?"

"Cha kukalia."

"Cha nani?"

"Sasa mimi nina matako mangapi?"

Tereza alisimama na jagi la maji. "Watu wataona," akasema.

"Nani? Odeta?" Mihayo akapaza sauti kuelekea ua wa minyaa. "Odeta! Shamba lako linapaliliwa na nani ukisimama hapo?" Minyaa ikatikisika, ikatulia.

Akaleta kigoda cha jikoni, kile kifupi cha kukunia nazi, akakaa. Jiwe lilikuwa bado na ubaridi wa asubuhi. Mkono wake ulikwenda kwenye bakuli, ukasita, ukarudi.

"Kula," akasema Mihayo. "Na usikimbie. Maji yako hapo, hakuna atakayekuita."

Wakala. Kutoka kwenye bakuli moja. Vidole vyao viligongana mara ya kwanza, wote wakavirudisha kama waliogusa jiko, kisha vikazoea. Mihayo alitafuna upande wa kushoto. Baada ya muda ile sauti ya kooni ikaanza, na Tereza akainamisha kichwa asionekane anacheka. Barabarani gari lilipiga honi, likapiga tena, likaenda. Mihayo hakugeuka.

"Chukua Usagara," akasema.

"Wote?"

"Wote. Na njia panda yake. Na ng'ombe za Shigela, ila yule mwenye pembe moja, anapiga." Akalamba kidole. "Sasa toa jibu."

"Ni bakuli," akasema Tereza. "Hili."

"Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana, kabla hujamaliza kutega."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa sina cha kukupa."

Tereza alisogeza bakuli kidogo upande wake, akaliinamisha, akamsogezea tena. Lilikuwa limebaki kiasi cha matonge mawili, na ua jekundu lilianza kutokeza. Walikuwa wamekaa karibu kiasi kwamba aliona mvi kwenye nyusi zake, na kovu la mtambo kwenye kidole gumba ambalo alilifunga yeye mwenyewe mwaka wa themanini. Mihayo alichukua tonge la mwisho ila moja. Akalishika, hakulila.

"Uliniuliza kitu," akasema. "Siku ya jogoo."

"Nilikuuliza."

"Chakula chako hakina kasoro, Tereza." Miaka thelathini na moja, na jina hilo kalitamka mara ya kwanza tangu siku ya altareni. Akalitazama jiwe, pale alipokaa Nkwabi, pale alipokaa Shimba, pale alipokaa Chenge, kisha akamtazama aliyeketi mbele yake. "Kilikuwa hakina mtu."